Kimya cha Shadia

Mtu akimuuliza Shadia swali, lazima awe na kazi nyingine ya kufanya wakati anasubiri jibu. Yasmini alilijua hilo tangu wakiwa wadogo. Unamuuliza, "Dada, uji umetiwa sukari?" halafu unapanga kuni, unamwaga maji machafu, unamfukuza mbuzi wa jirani, ndipo unasikia nyuma yako, taratibu, "Bado." Na jibu lenyewe likija huwa limekaa sawa. Tatizo ni kwamba watu wengi hawakai kulingoja. Wanauliza mara ya pili kwa sauti kubwa, kama vile Shadia ni kiziwi, mara ya tatu wanajijibu wenyewe, kisha wanaondoka wakitikisa vichwa.

Pale kwao Ujiji kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama yao, Bi Hidaya, akiulizwa alisema, "Kachelewa tu. Wengine wanachelewa kutembea, huyu kachelewa maneno," ingawa Shadia alikuwa na miaka ishirini na tatu na maneno mengine yalikuwa bado hayajafika. Baba mdogo Sudi, ndugu wa marehemu baba yao, alisema ni degedege la utotoni. Lilipompata, Bi Hidaya alikimbilia hospitali, mtoto akachomwa sindano, badala ya kumpeleka kwanza kwa bibi wa dawa, na sindano ndiyo iliyougandisha ubongo. Hilo alilisema kila Idi, mbele ya sinia, na kila Idi Bi Hidaya alinyanyuka kwenda kuangalia kitu jikoni.

Katonga, kwenye mwalo ambako mabinti hao wawili walianika dagaa, kulikuwa na Skolastika, mwanamke wa Kasulu mwenye chanja jirani na zao. Yeye alisema, "Huyu Mungu alimuumba siku ya mapumziko, hana haraka. Sivyo, mwana wanje, mwanangu?" Halafu anamkumbatia Shadia kwa mikono ile ile inayonuka dagaa, na Shadia anacheka mpaka machozi.

Kisha akaja mwalimu Aikande. Huyu alihamishiwa Kigoma kutoka Moshi, akapewa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, na mwaka wake wa kwanza alizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta watoto waliofichwa ndani. Shadia alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, darasa hilo si lake tena, lakini mwalimu alikaa naye mkekani mchana kutwa, na picha zake na vipande vya mbao vya rangi. Alipomaliza alimwambia Bi Hidaya, "Mama, huu ni ulemavu wa akili. Si uvivu, si jini, wala si ile sindano. Hakuna mtu aliyemletea."

"Rudia hapo mwisho," alisema Bi Hidaya.

"Hakuna mtu aliyemletea, mama."

Siku hiyo mwalimu aliondoka na migebuka wa kutosha wiki nzima. Lakini alirudi siku nyingine, akasema kwamba kwa vipimo vyake akili ya Shadia ni kama ya mtoto wa miaka saba. Siku hiyo hakupewa samaki.

Yasmini aliwasikiliza wote. Yeye aliishia darasa la saba, na ile hali ya dada yake hakuwa na jina la kuiita. Alijua vitu viwili tu, tena kwa sababu ya kulala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo. Kwanza, Shadia akinyamaza yuko kazini, anafikiri. Pili, "ndiyo" yake si ya kuishika. Utotoni kila aliposema "hapana" watu waliliuliza swali upya, kwa ukali zaidi, wakaliuliza tena, mpaka alipogundua kwamba akisema "ndiyo" kelele zinaisha. Basi akawa anasema. Ukimuuliza, "Umeshakula?" ni ndiyo. "Kwani hujala?" ndiyo vile vile. Anayetaka kujua ukweli asimuulize hivyo. Amwambie, "Nieleze ulichokula," kisha atafute pa kukaa.

Posa ilikuja baada ya mvua kukatika. Mwenye posa aliitwa Mrisho, mnunuzi wa dagaa wa Kibirizi, mtu wa makamo, mwenye mke mmoja na watoto waliokwisha kukua. Alikuwa amemwona Shadia Katonga. Aliona jinsi anavyogeuza dagaa kwenye chanja tangu jua linapotoka, hapigi soga, hachezi na simu, hakai chini mpaka aambiwe. Mkewe, Mama Rukia, alikuwa anaumwa mgongo na kazi za mwaloni zilikuwa zimemshinda. Mrisho hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaswali, hana kelele, na hakuna aliyewahi kumsikia akimtukana mbeba mizigo.

Baba mdogo Sudi alileta habari akiwa amevaa kofia yake ya Ijumaa, na siku yenyewe haikuwa Ijumaa.

"Mtu mzima, ana nyumba ya bati, ana chanja zake mwenyewe, anamtaka Shadia," alisema. "Shadia, jamani! Mimi nilishakata tamaa. Shemeji, hebu toa chai."

Bi Hidaya alitoa chai.  "Anajua hali yake?"

"Anajua. Amesema ana upole. Na ndoa inanyoosha watu, wewe hujaona? Binti wa Mzee Kahema alikuwa hajui hata kufunga kanga, leo ana watoto watatu."

"Yule alikuwa mvivu, baba mdogo," alisema Yasmini. "Hakuwa hivi."

"Na wewe una haraka ya nini kujibu? Mkubwa hajatoka, mdogo atatokaje? Yule fundi wako wa injini za boti atakusubiri mpaka lini?"

Yasmini akaanza kukusanya vikombe. Kweli fundi alikuwepo, na kweli alikuwa ameshatuma mtu. Tangu hapo kila neno ambalo Yasmini angesema juu ya ndoa ya Shadia lingeonekana limembeba fundi mgongoni. Akikubali, ni kwa ajili ya fundi. Akikataa, ana wivu, anaona mkubwa anamtangulia.

Shadia mwenyewe alikuwa uani anafua. Hakuna aliyemwita.

Baba mdogo alipoondoka, Bi Hidaya alikaa kwenye kibao cha mbuzi bila nazi ya kukuna. "Unaniona mimi namuuza mwanangu," alisema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Macho yako yanasema. Presha yangu unaijua. Siku nikianguka, Shadia atakaa na nani? Na wewe? Mumeo atakubali kuoa mke na shemeji kwa pamoja? Mwezi wa kwanza atakubali, na wa pili. Wa tatu ataanza kuuliza mchele unakwenda wapi." Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Mrisho akimwoa, ana kwake. Hata mimi nikifa, ana kwake."

Na mama yake alikuwa anasema kweli.

Jumapili wakaenda Kibirizi kuangalia nyumba, Bi Hidaya, Yasmini na Shadia. Mama Rukia aliwapokea vizuri. Aliwapikia kuku, akawaonyesha chumba ambacho angekaa mke mdogo, kina kitanda na neti mpya. Yasmini na mama yake waliingia wakakikagua, wakaangalia choo na mahali maji yanapotoka. Shadia aliachwa jikoni na Mama Rukia na dada yake, anawachambulia mchele. Alipoitwa kuondoka alikuwa ameumaliza wote, hata chenga kaziweka kando.

"Huyu mtaelewana," alisema dada wa Mama Rukia. "Hana neno."

Njiani Yasmini alimuuliza, "Dada, unataka kuolewa na Mrisho?"

"Ndiyo," alisema Shadia, hapo hapo.

"Au hutaki kuolewa na Mrisho?"

"Ndiyo."

Yasmini akaangalia nje ya bajaji. Angeweza kumwambia, "Nieleze." Lakini Bi Hidaya alikuwa kakaa katikati yao, na dereva alikuwa anasikiliza, na nyumbani walipofika kulikuwa na dagaa wa kuingiza ndani. Kisha yakaanza mambo ya nguo na vyombo na kualika watu. Tena, ukweli ni kwamba Yasmini alidhani jibu analo tayari. Shadia hataki. Shadia anataka kubaki na yeye, walale kitanda kile kile, waende Katonga asubuhi warudi mchana. Ya nini kumuuliza mtu jambo unalolijua?

Akaenda kumwona mwalimu Aikande shuleni, wakati watoto wameshatoka. Mwalimu alikuwa anapanga viti vidogo.

"Haiwezekani," alisema mwalimu kabla Yasmini hajamaliza. "Mdogo wangu, ndoa inahitaji mtu aelewe anakubali nini. Niliwaambia, uelewa wake ni wa miaka saba. Mtoto wa miaka saba haolewi. Hilo hata hatulijadili, tunakwenda ustawi wa jamii."

"Lakini mwalimu, Shadia si wa miaka saba."

"Kwa uelewa."

"Baba alipoumwa, Shadia ndiye aliyekuwa anamgeuza kitandani na kumwosha. Sisi tulikuwa tunaona aibu, yeye hakuona. Baba alifia mikononi mwake, akamfumba macho, ndipo akatuita. Mtoto wa miaka saba anaweza hayo?"

Mwalimu aliweka kiti chini, akakikalia, magoti yakamfika kidevuni.  "Hapana," alisema. "Lakini akipewa noti mbili hajui ipi kubwa. Akipotea mjini hawezi kurudi. Mtu akimpiga ndani ya nyumba, atakuja kumwambia nani, na kwa maneno gani? Nimeona wasichana kama yeye kule nilikotoka, Yasmini. Wanaolewa ili wafanye kazi, na hakuna anayesikia tena habari zao. Mimi siwezi kukaa kimya."

Na huyu naye alikuwa anasema kweli. Yasmini alirudi nyumbani na kweli mbili zisizokaa pamoja, wala hakuna hata moja iliyotoka kwa Shadia.

Mwalimu alikwenda kweli ofisini. Aliambiwa mhusika yuko safarini, aje wiki inayofuata. Nikaha ilikuwa Jumamosi.

Jumamosi yenyewe nyumba ilijaa. Ilikuwa shughuli ndogo, lakini Ujiji shughuli ndogo nayo ina watu wa mtaa mzima. Wanawake walikuwa uani na masufuria ya pilau, wanaume barazani. Mwalimu Aikande alikuja amejifunga mtandio, akakaa karibu na mlango wa uani, uso wake umekaza. Skolastika alitoka Katonga akiwa na ndoo ya mchele kichwani. Shadia alikuwa chumba cha ndani, kitandani, amevaa gauni la rangi ya maziwa, hina imemkolea mpaka kwenye vifundo vya mikono. Alikuwa anaiangalia hina. Alikuwa amependeza, na alijua amependeza.

Baada ya alasiri Shehe Khatibu aliingia ndani kumuuliza bibi harusi, kama ilivyo ada. Aliingia na baba mdogo Sudi, ambaye ndiye walii, na mashahidi wawili. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ndogo, na kabla ya yote aliomba stuli, kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma. Bi Hidaya alikuwa kakaa kitandani upande mmoja wa bibi harusi, Yasmini upande wa pili. Wanawake waliobaki walijipanga mlangoni.

"Shadia binti Yusufu," alisema shehe. "Baba yako mdogo anataka kukuozesha kwa Mrisho bin Athumani, kwa mahari mliyokubaliana. Je, umeridhia?"

Shadia alimwangalia shehe. Kisha akaangalia mikono yake.

Chumba kilikuwa kimya. Mmoja wa mashahidi alikohoa. Bi Hidaya alikuwa amefumba macho.

"Alhamdulillahi," alisema baba mdogo Sudi. "Kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake. Tuendelee, shehe, watu wanasubiri nje."

Shehe akatikisa kichwa kukubali, akaanza kuinuka. Ndivyo inavyofanyika, na ndivyo ilivyofanyika kwa mabibi harusi wengi wa mtaa ule. Binti anaona haya, anainamisha kichwa, haya yenyewe ndiyo jibu. Bi Hidaya alijibu hivyo wakati wake. Hata mwanamke wa mlangoni aliyekwisha kujaza hewa kifuani kwa ajili ya vigelegele alikuwa amejibu hivyo.

"Samahani, shehe," alisema Yasmini. Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa, akairudia. "Samahani. Huyu bado hajanyamaza kwa kuridhia. Bado anafikiri."

"Yasmini!" alisema mama yake.

"Anamwonea wivu dada yake," alisema mtu mlangoni, wala hakunong'ona.

Baba mdogo alicheka kwa hasira. "Shehe, huyu mdogo wake, naye ana mambo yake. Twende."

Shehe Khatibu hakwenda. Alikuwa amebaki hivyo hivyo, nusu kainuka, mkono kwenye goti. "Anafikiri?" aliuliza.

"Ndivyo alivyo, shehe. Huyu huwezi kumhesabia kimya kama wengine. Kwake kimya ni kwamba swali limeingia."

"Sasa anafikiri kwa muda gani?"

"Mpaka amalize."

Mzee akakaa tena kwenye stuli. "Basi tusubiri," alisema. "Mimi miguu inauma, nje nako nitakaa tu."

Wakasubiri. Uani mfuniko wa sufuria ulianguka, mtu akamgombeza mtu. Baba mdogo Sudi alitoa simu, akaiangalia, akairudisha. Bi Hidaya alisogeza mkono polepole nyuma ya gauni kumfinya Shadia kiunoni kama anavyofinywa mtoto mbele ya wageni, na Yasmini akaushika ule mkono, akaubakiza juu ya godoro. Mama na binti hawakutazamana.

"Ndiyo," alisema Shadia.

Kigelegele kikapanda. Baba mdogo akapiga makofi mara moja. "Haya! Umesikia kwa masikio yako mwenyewe, shehe. Kimya umepata, na neno umepata!"

 Sasa Yasmini angenyamaza, nani angemlaumu? Kila mtu alikuwa amesikia. Mama yake angelala usingizi usiku, yeye angekuwa huru na fundi wake, Shadia angekuwa na kitanda na neti mpya. Alimwangalia dada yake. Shadia alikuwa anamwangalia mwanamke wa vigelegele, bega limepanda juu kidogo, kama mtu anayengoja kelele zipite.

"Hiyo ni ndiyo ya kutunyamazisha," alisema Yasmini.

"Sasa unataka kumfundisha shehe kazi!" alisema baba mdogo.

"Sitaki kumfundisha mtu. Shehe, muulize kama amekataa. Atasema ndiyo vile vile."

Shehe alimwangalia Yasmini kwa muda, kisha akamgeukia bibi harusi. "Shadia, binti yangu. Umekataa kuolewa?"

"Ndiyo," alisema Shadia kwa adabu.

Mlangoni mtu alicheka, akajizuia. Shahidi mmoja alisema astaghfirullahi. Baba mdogo Sudi aliinua mikono, "Mnaona? Mnaona wenyewe? Hajui hata anachoulizwa! Ndiyo maana sisi wakubwa tupo, tumwamulie."

"Na hicho ndicho nilichosema mimi," ilisikika sauti ya mwalimu Aikande kutoka nyuma ya wanawake. "Hawezi kuridhia. Basi asiozeshwe."

Wote wawili, baba mdogo na mwalimu, wakajikuta upande mmoja, na hakuna aliyefurahia.

Shehe alipiga stuli kwa kiganja. "Nyamazeni. Wewe binti, dada yako huwa mnamuuliza vipi nyumbani?"

"Mwambie akueleze, shehe. Neno la ndiyo usimpe."

Mzee akasogeza stuli mpaka magoti yake yakakaribia gauni. Aliondoa ile sauti yake ya nikaha, akasema kama anavyosema mtu na jirani yake. "Shadia. Nieleze. Ukishaolewa na Mrisho, mambo yatakuwaje?"

Safari hii ilichukua muda mrefu zaidi. Mwanamke mmoja alichoka akaenda kuangalia pilau, akarudi. Yasmini alikuwa anajua atakachosikia. Sitaki, nataka kukaa na Yasmini. Alishajiandaa hata kulia.

"Nitalala kwake," alisema Shadia. Alingoja, akapanga. "Nitageuza dagaa. Mchana nitapika, Mama Rukia mgongo unauma."

"Enhe," alisema shehe.

"Wageni wakija Mama Rukia atanifungia."

Shehe akainama mbele. "Atakufungia nini, binti yangu?"

"Mlango. Chumba cha nyuma. Nisiwatie aibu." Aliuelekeza mkono wenye hina upande wa Kibirizi. "Alimwambia dada yake. Nilikuwa nachambua mchele. Nilisikia."

Bi Hidaya alitoa sauti ndogo. Yasmini alikumbuka mchele ule uliochambuliwa, chenga kando, na wanawake wawili wakisema yao juu ya kichwa cha Shadia kama wanavyosema juu ya kichwa cha mbuzi aliyefungwa.

Shehe hakuharakisha. "Na wewe, unaonaje?"

"Simtaki Mrisho," alisema Shadia. Yasmini akashusha pumzi. Lakini Shadia alikuwa hajamaliza. Alikuwa bado ameinua kidole kimoja, kama anavyofanya akitaka watu wasimkatize. "Mume nataka. Na mtoto nataka. Mrisho simtaki."

Shehe Khatibu akakaa kidogo, akaegemea kwenye goti, akasimama. "Hakuna nikaha," aliwaambia mashahidi. "Mmesikia wenyewe."

Baba mdogo Sudi alikataa kwenda kumwambia Mrisho. Alisema yeye hakuleta aibu hii, aliyeileta aende. Ikabidi shehe aende mwenyewe barazani na miguu yake inayouma. Yasmini, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, alimwona Mrisho akisikiliza, kanzu yake nyeupe imenyooka, macho yakiangalia viatu.

"Mama Rukia kasema hivyo?" aliuliza.

"Binti amesikia hivyo."

"Ningemkataza, shehe. Wallahi ningemkataza."

"Labda. Lakini amekataa."

Mrisho alikaa. Hakugomba. Wenzake wawili walitaka kuondoka, lakini pilau lilikuwa limeshapakuliwa, na kuondoka mbele ya sinia ni kumtukana mwenye nyumba, basi nao wakakaa. Watu wakala. Ilikuwa shughuli ya ajabu, hakuna aliyejua aseme nini, na kwa sababu hiyo wengi waliusifu mchele.

Jikoni Bi Hidaya alikuwa anakwangua ukoko kwa nguvu. Mwalimu Aikande alikuwa anamsaidia.

"Mama, sikiliza," alisema mwalimu. "Nashukuru yalivyoisha. Lakini haya ya mume na mtoto, kutaka ni kitu kingine na kuweza ni kitu kingine. Msije mkamtafutia mwingine."

"Mimi nilipoolewa nilikuwa naweza nini, mwalimu? Nilikuwa nalia nikiona panya."

"Lakini wewe ungeweza kurudi kwenu ukasema, nateseka."

"Nani alikwambia nilirudi nikasema?" Bi Hidaya aliweka mwiko chini. "Nitamwachia nani, mwalimu? Hilo ndilo unijibu. Vipimo vyako vina jibu hilo?"

"Havina," alisema mwalimu Aikande.

Yasmini aliwasikia, akapita na sahani zake. Alikuwa na hasira na hakujua ni ya nani, mpaka alipofika kwenye karo akagundua ni ya Shadia. Mtoto! Walikuwa wanalala kitanda kimoja na hakuwahi kulisikia. Yeye Yasmini, anayejua kumsubiri, alikuwa amekwisha kumpangia maisha yote, chumba cha uani nyumbani kwa fundi, Katonga asubuhi, kurudi mchana, na kwenye mipango hiyo yote hakuwahi kumwambia hata mara moja, nieleze unataka nini. Alisugua sahani ile ile mpaka Skolastika akamnyang'anya.

"Itatoboka hiyo, bibi," alisema Skolastika. "Kamwangalie dada yako. Ametoka nje."

Shadia alikuwa ametoka kweli, na gauni lake lile lile. Alikuwa amechukua birika na beseni na taulo begani, ananawisha wageni kama anavyofanya kila shughuli, kwa sababu ni kazi yake na hakuna aliyemwambia kwamba leo si yake. Alipofika kwa Mrisho, baraza zima liliwageukia. Alimmiminia maji. Mrisho akanawa, akasema ahsante. Shadia akampa taulo, akasogea kwa mwingine.

Baba mdogo Sudi alikuwa wa mwisho, peke yake, kwenye kona. Alinyoosha mikono yenye mafuta bila kumtazama. Maji yakaanza kumwagika.

"Yote haya," alisema, kwa sauti ya chini. "Watu wote hawa. Kwa nini hukuniambia mimi mapema?"

Aliposema hivyo aligeuza uso pembeni, kama anavyofanya siku zote. Lakini mikono ilikuwa na sabuni, hakuwa na pa kwenda. Shadia aliendelea kumimina, uzi mwembamba, bila kukatika. Baba mdogo alisuuza mikono, ikatakata, akabaki ameinyoosha vile vile juu ya beseni.

"Ulikuwa unasema wewe," alisema Shadia.

Alimpa taulo, akatikisa birika kusikia kama lina kitu. Halikuwa na kitu. Akaingia ndani kuchota maji mengine, maana uani wanawake walikuwa bado hawajala.